UZI: Bulul, walinzi wa mpunga wa Waifugao, na kwa nini kile kinachokaa makumbusho ni nusu tu

#1 Fundi Mninga

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa bulul, sanamu za mbao za Waifugao wa milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Picha zake zinazunguka sana mitandaoni na maelezo ya mstari mmoja, "sanamu ya kale ya Asia", basi. Sanamu yenyewe utaikuta imewekwa juu ya kijukwaa cheupe, imemulikwa taa, imefutwa vumbi, iko peke yake.

Bulul haikuchongwa ikae hivyo. Mahali pake ni ghalani, gizani, wawili wawili, dume na jike, katikati ya miganda ya mpunga, miili ikiwa imegandamana damu kavu na masizi. Ukiiondoa hapo umechukua nusu ya kitu, na ile nusu nzito imebaki mlimani. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha humu, na anayepinga anakaribishwa.

Tuanze na mpunga, maana bila mpunga hakuna la kueleza.

Ifugao ni mkoa wenye makao makuu Lagawe. Wengi mnaijua kwa picha za mashamba ya ngazi, yale majaruba yaliyopandana mlimani mpaka mawinguni. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, makundi matano: Batad, Bangaan, Mayoyao, Hungduan na Nagacadan. Mpunga wa asili wa huko unaitwa tinawon na hupandwa mara moja tu kwa mwaka, kwa sababu baridi ya milimani haina haraka. Mavuno yakiharibika, hakuna msimu wa pili wa kuokoa jahazi. Familia itakula magimbi na viazi vitamu hadi mwakani.

Kwa hiyo ghala ndilo roho ya nyumba. Wanaliita alang. Linasimama juu ya nguzo nne, paa la nyasi lililochongoka, na kila nguzo imevishwa gurudumu nene la mbao chini kidogo ya sakafu. Gurudumu hilo, halipan, ni la kumzuia panya: akipanda nguzo anafika kwenye ukingo, anakosa pa kushika, anarudi chini.

Sasa mtu atauliza, kama panya kashazuiwa na halipan, bulul wa nini? Ni kwa sababu halipan inazuia miguu tu. Haimzuii mwizi, haizuii uvundo, haizuii ile hali ambayo kila mkulima anaijua, ghala lililojaa mwezi wa saba linaonyesha sakafu kabla ya mwaka kuisha na hakuna anayejua mpunga umekwenda wapi. Kazi hiyo ndiyo ya bulul. Anazuia upungufu, na akitunzwa vizuri, wenyewe wanasema, mpunga unaongezeka ukiwa humo humo ndani.

Kwa umbo: yupo anayekaa, magoti juu, mikono imekunjwa juu ya magoti; yupo anayesimama, mikono ubavuni au viganja vikiwa mapajani. Kichwa kikubwa, uso bapa, pua imenyooka, macho wakati mwingine yametiwa vipande vya kombe. Hakuna mapambo mengi. Chini kuna kitako kilichobanwa kiunoni, umbo la kinu cha kutwangia. Mara nyingi dume na jike wanafanana mno hata ukatafuta alama za jinsia ndipo ujue yupi ni yupi.

Naendelea na namna anavyotengenezwa.

#2 Mwana Mtwapa

Nipo siti ya mbele mkuu, tiririka.

#3 Fundi Mninga

Kazi inaanzia msituni. Mti unaopendelewa kuliko yote ni narra, kwa jina la kisayansi Pterocarpus indicus. Mafundi wenzangu wa Tabora na Urambo hapa watatikisa kichwa: ni ukoo mmoja na mninga wetu, Pterocarpus angolensis. Ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu, unaganda palepale kwenye jeraha. Mbao yake ni ngumu lakini inakubali tezo, na mchwa hawaipendi. Kwa Waifugao narra ni mti wa utajiri na heri. Wapo waliochonga kwa miti mingine, ila aliyeweza kupata narra alitaka narra.

Anayetangulia kila hatua ni mumbaki, kuhani wao. Mti unapochaguliwa, yupo. Unapoangushwa, yupo. Gogo likichongwa na likibebwa kuingia kwa mwenyewe, kuna maneno na sadaka zake. Mchongaji anaweza kuwa fundi stadi kijiji kizima, lakini akishamaliza, akafuta maranda ya mwisho na kuweka tezo chini, alichonacho ni mbao yenye sura ya mtu. Bado.

Inakuwa bulul baada ya tambiko la kuizindika, na tambiko hilo ni la siku nyingi. Mumbaki huwa zaidi ya mmoja. Wanakaa, wanakunywa pombe ya mchele, wanawaita mababu wa mwenye nyumba kwa majina, upande wa baba na upande wa mama, kisha wanasimulia visa vya asili kwa masaa. Kisa kimoja ni cha Humidhid, ambaye inasemekana ndiye aliyechonga bulul za kwanza kabisa kutoka kwenye mti usio wa kawaida. Kisa kinasimuliwa mbele ya sanamu mpya ili nayo ipate asili ile ile. Kuku wanachinjwa na nyongo zao kuangaliwa: ikiwa imekaa vizuri na imejaa, mambo yaendelee, ikiwa na kasoro, warudie. Nguruwe wanachinjwa, na damu yao inapakwa kwenye sanamu, usoni, kifuani, mikononi, mpaka inalowa.

Hesabuni gharama wenyewe. Nguruwe, kuku, mitungi ya pombe, na jirani wote wanakula. Ndiyo maana kumiliki bulul zamani ilikuwa shughuli ya kadangyan, matajiri wenye mashamba mapana. Ni watu hao hao waliokuwa na hagabi, lile benchi kubwa la kuchonga kutoka gogo moja, linalowekwa chini ya nyumba ili kila apitaye ajue hapa anakaa nani. Bulul hugawanywa pamoja na shamba: mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike, ndiye anayerithi mashamba makubwa, na walinzi wa mpunga wake wanamfuata.

Mimi nafanya kazi ya mbao, na hapa ndipo Waifugao walinishika. Sisi mafundi tumezoea kuamini kwamba kitu kimekamilika siku vanishi inapokauka. Kwao kazi ya fundi ni hatua ya mwanzo, na kinachofuata ni kirefu zaidi na ghali zaidi kuliko kuchonga.

#4 Binti wa Ifakara

Asante sana kaka. Mimi nimekulia kwenye mpunga, kwetu kuvuna ni kazi ya kukata na shoka, mgongo unauma wiki nzima. Nataka kujua siku ya mavuno wanafanyaje na hizo bulul? Zinabaki ghalani au zinatolewa? Na wanawake wana nafasi gani, maana naona mpaka sasa ni mumbaki na mchongaji tu, wote wanaume.

#5 Fundi Mninga

Dada, swali zuri na kwa kweli bila wanawake mavuno ya Ifugao hayapo.

Kuvuna kwao hakutumii mundu wa kufyeka. Mwanamke anashika kisu kidogo, anakata suke moja moja pamoja na kipande cha bua, anakusanya mkononi, kisha yanafungwa mganda. Huku wanakata, wanaimba hudhud. Mmoja anaongoza, mara nyingi mama mtu mzima mwenye kumbukumbu ya kutisha, wengine wanaitikia. Ni visa virefu vya mashujaa, sheria za ndoa, ujirani na vita, na kisa kimoja kinaweza kuchukua siku kadhaa. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza hudhud kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika, na 2008 ikaingizwa rasmi kwenye orodha. Haiimbwi shambani tu, huimbwa pia kwenye msiba na wakati wa kuosha mifupa ya marehemu.

Shamba la kwanza kuvunwa ni la tumona, kiongozi wa kilimo wa kijiji, ambaye pia ndiye anayetangulia kupanda. Na huyo si lazima awe mwanaume. Wengine wanasubiri. Baada ya matambiko fulani inatangazwa siku ya tungo, hakuna kugusa shamba, kila mtu anakaa nyumbani.

Sasa bulul. Ndiyo, wanatolewa. Wanawekwa pale mpunga mpya unapoletwa na mumbaki anaanza kuwaita. Wanapewa pombe, keki za mchele, tambuu na popoo. Kuku na nguruwe wakichinjwa, damu mpya inapakwa juu ya damu ya mwaka jana. Vifaa vya tambiko vinakaa kwenye kisanduku cha mbao kinachoitwa punamhan, nacho kwa miaka kinapata ukoko wake. Shughuli ikiisha, bulul wanarudishwa ghalani pamoja na miganda, na hapo ndipo kazi yao ya mwaka inaanza.

Ukipata bahati ya kuangalia kwa karibu picha kubwa ya bulul wa zamani, angalia ngozi yake. Utaona tabaka jeusi lenye kung'aa kwenye mabega na juu ya kichwa, pale mikono ya watu ilipokuwa ikishika kumtoa na kumrudisha. Utaona kwenye mikunjo ya viwiko na chini ya kidevu ukoko mzito, hauna mng'ao, umepasukapasuka. Hiyo ni damu ya mavuno mengi, imechanganyika na pombe, mchele na moshi wa meko. Kila tabaka ni mwaka ambao mtu alivuna na akakumbuka kushukuru.

Na kwa upande wa Hungduan kuna jambo la kufungia msimu linaitwa punnuk. Mavuno yakiisha, watu wa vitongoji jirani wanakutana mtoni Hapao wakiwa wamevaa mavazi yao, wanavutana kwa miti yenye ndoano iitwayo pakid na kwa kinaag, sanamu ya mabua iliyosokotwa umbo la mtu. Mwisho kinaag anaachwa achukuliwe na maji. Iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2015 pamoja na michezo ya kuvutana ya Kambodia, Korea na Vietnam. Mimi napenda kuwaweka pamoja hao wawili: wa mabua anasindikizwa mtoni, wa mbao anabaki na mpunga.

#6 Mtumishi wa Shambani

Nimesoma kwa makini na naheshimu utafiti wako mkuu. Lakini tuseme ukweli, hii ni ibada ya sanamu. Mtu anapaka gogo damu na kuliomba limlindie chakula. Kuna haja gani ya kulisifia?

#7 Fundi Mninga

Mtumishi, nakujibu kwa heshima kwa sababu swali lako ndilo lililoamua hatima ya bulul nyingi.

Kwanza, wenyewe hawaombi gogo. Dunia ya Waifugao ina sehemu zake: Kabunyan juu, Dalom chini, Daya upande mto unakotoka, Lagod upande mto unakokwenda, na Luta ambayo ni hapa tunapokanyaga. Kote huko kuna roho. Roy Franklin Barton, Mmarekani aliyefundisha shule huko Kiangan mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika majina ya roho hao akapita elfu moja. Bulul ni jina la kundi mojawapo la roho hizo, na sanamu ni mahali wanapoitwa waje wakae. Ndiyo maana nimesisitiza tambiko la kuzindika. Bila wito, hakuna aliyekuja.

Pili, uhusiano ule una pande mbili. Bulul anayelishwa anatunza. Bulul aliyesahaulika ana hasira: mpunga unapungua, watu wa nyumbani wanaugua. Mwenye ghala hawezi kumwacha bulul kama anavyoacha kiti kibovu stoo. Kila mwaka anadaiwa. Naliona hilo kama mkataba mzito, na unaweza kutoukubali kiimani lakini ukaona uzito wake.

Kihistoria, Wahispania walishindwa kuitawala Cordillera kwa karne tatu, hivyo dini yao haikushika mizizi kule kama mabondeni. Mabadiliko yalikuja enzi za Wamarekani. Mapadri wa Kibelgiji wa shirika la Scheut, CICM, walifika Ufilipino mwaka 1907 na kupanda milimani. Wasomaji wa Kongo wanalifahamu shirika hilo, maana lilifika Kongo mapema zaidi, 1888. Baadaye yakaja makanisa mengine. Leo Waifugao wengi ni Wakristo. Wapo waliochoma bulul zao walipobatizwa, wapo waliouza, na wapo wanaokwenda misa Jumapili na bado wakati wa mavuno wanamwita mumbaki. Siwezi kuwahukumu hao wa mwisho. Shamba ni lile lile, na aliyelijenga ni babu yao.

#8 Mwana Mtwapa

Hii inanipeleka moja kwa moja kwenye vigango vya Wagiriama wa pwani ya Kenya, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu. Wezi walivichomoa usiku kwenye maboma, vikauzwa, vikaishia kwenye nyumba za matajiri na makumbusho Marekani. Makumbusho ya Denver walirudisha 30 mwaka 2019 baada ya miaka ya mazungumzo. Vya Ifugao navyo vilikwenda hivyo hivyo?

#9 Fundi Mninga

Kwa sehemu kubwa soko ni hilo hilo, ndugu yangu. Wanunuzi wa sanaa ya kikabila Ulaya na Marekani waliwatafuta bulul kama walivyotafuta vigango. Tofauti ni hii: kigango kinasimamishwa kwa ajili ya marehemu mmoja wa chama cha Gohu, na kikishawekwa hakitakiwi kung'olewa. Bulul anatembea, anatoka na kuingia ghalani kila mwaka na anarithiwa. Kwa hiyo bulul alikuwa rahisi zaidi kuibwa, na rahisi zaidi kuuzwa na mwenyewe, hasa kijana aliyeokoka au mwenye ada ya shule ya kulipa.

Leo ukitaka kuwaona nje ya Ifugao, nenda makumbusho ya Quai Branly na Louvre jijini Paris, Metropolitan New York, Field Museum Chicago. Nchini kwao kuna makumbusho ya taifa Manila, na kuna BenCab Museum huko Tuba, Benguet, iliyofunguliwa 2009 na mchoraji Benedicto Cabrera, ambako ukuta mzima umepangwa bulul. Namheshimu Cabrera kwa kuwazuia wasiondoke nchini. Hata hivyo, ukisimama mbele ya ukuta ule unaona jambo lile lile nililosema mwanzo: kila mmoja ametoka kwenye ghala fulani, la familia fulani, na jozi nyingi zimetenganishwa. Dume yuko bara moja, jike yuko bara jingine. Kwangu huo ndio uharibifu mkubwa kuliko hata nyufa za mbao, maana wawili hao walizindikwa pamoja, kwa damu moja.

Soko likishakuwa na njaa, wajanja huingia. Bulul mpya huchongwa, akaning'inizwa juu ya moshi, akapakwa mafuta na masizi, wengine hata damu halisi ya nguruwe, ili auzwe kama wa karne iliyopita. Fundi wa mbao ataangalia vitu vitatu: nyufa zimefuata nyuzi za mti au zimelazimishwa, uchakavu uko pale mkono unaposhika au umesambazwa kila mahali, na ukoko umejaa kwenye mikunjo tu au umepakwa sawasawa mwili mzima. Miaka haipaki rangi sawasawa.

#10 Mdau wa Kale

Kwenye matuta, yaani hayo mashamba ya ngazi, huwa nasikia umri wa miaka 2,000 au 3,000. Ni kweli? Maana kama ni hivyo bulul nao ni wa zamani hizo.

#11 Fundi Mninga

Umri huo ulikuwa makisio ya watafiti wa mwanzo, akina Barton na Beyer, waliotazama ukubwa wa kazi wakasema lazima ilichukua milenia. Mwanaakiolojia Stephen Acabado na wenzake wamechimba, hasa kwenye kijiji cha kale cha Kiyyangan, na vipimo vyao vinaonyesha kilimo cha mpunga wa majaruba kilishika kasi baada ya Wahispania kufika Luzon, yaani takribani miaka 400 iliyopita. Kabla ya hapo zao kubwa lilikuwa magimbi. Watu walipanda milimani kukwepa ukoloni, wakajenga, wakajipanga. Mjadala haujaisha, lakini mimi naona hoja hiyo inawapa heshima zaidi: kuligeuza safu zima la milima kuwa mashamba kwa vizazi vichache huku wakimkatalia Mhispania kuingia.

#12 Binti wa Ifakara

Na hali ya sasa? Vijana wanalima?

#13 Fundi Mninga

Wengi wanaondoka dada. Kwenda Baguio, Manila, nje ya nchi. Ukuta wa tuta ukibomoka na mwenyewe hayupo, maji yanapotea na tuta la chini yake nalo linaanza kulegea. Konokono wa dhahabu walioletwa Ufilipino miaka ya 1980 kutoka Amerika ya Kusini wanakula miche michanga, na minyoo wakubwa wanatoboa kingo. UNESCO iliyaweka matuta kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2001 na ikayatoa 2012 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Hudhud sasa inafundishwa kwa watoto. Kwa mumbaki ni vigumu zaidi, maana inabidi ukariri mababu na visa kwa miaka, na kanisa la jirani halikufurahii.

Ndiyo maana nasema kumrudisha bulul kutoka Paris kungekuwa jambo jema, lakini arudi kwenye ghala lenye tinawon. Aliyelima anapata kidogo, kwa kuwa mpunga wenyewe unatoa mavuno ya mara moja. Anayenunua tinawon kwa bei ya haki anamsaidia bulul kuliko anayemnunua bulul.

#14 Nahodha Mstaafu

Mkuu, meli inatia nanga Manila mwezi ujao na nina siku za mapumziko. Nikitaka kununua mmoja wa kuweka sebuleni ninunue wapi bila kufanya dhambi?

#15 Fundi Mninga

Nahodha, panda basi hadi Baguio, kisha shuka barabara ya Asin. Kuna mafundi wengi wenye asili ya Ifugao wanachonga pale pale kando ya barabara, utawaona na tezo mkononi. Au fika Banaue na Hungduan kwenyewe. Nunua mpya, mwambie fundi unajua ni mpya, lipa bei anayotaja bila kumkamua, na uchukue jozi, usichukue mmoja. Uliza mbao ni ya mti gani, na omba risiti yenye jina la fundi.

Ukioneshwa aliyefungwa kwenye gunia, mweusi, na muuzaji ananong'ona kwamba ni wa babu yake, achana naye. Kama ni bandia umeibiwa. Kama ni halisi, sheria ya urithi ya mwaka 2009, namba 10066, inataka kibali kabla kitu cha aina hiyo hakijatoka nchini, na forodha watakushika nacho. Nyumba ya kwao nayo itakuwa imebaki bila mlinzi.